Ukibofya kiungo na programu isifunguke: jinsi ya kuisaka kasoro kwenye Linux

Umetumiwa kiungo cha mkutano. Ukurasa unafunguka kwenye kivinjari, unabofya kitufe cha kujiunga, kisha kimya. Zoom imo kwenye kompyuta, na ukiifungua kutoka kwenye menyu inaitika vizuri, ila ikiitwa na ukurasa wa wavuti haisikii. Hali ni hiyohiyo kwa viungo vya Telegram (tg:), vya VS Code (vscode:), vya torenti (magnet:) na hata vya barua pepe (mailto:).

Wengi hukimbilia kuiondoa programu na kuisakinisha upya. Hapo mamia ya megabaiti ya bando yameondoka, na mara nyingi tatizo limebaki palepale, kwa sababu kasoro haimo ndani ya programu. Imo njiani, kati ya kivinjari na programu. Njia hiyo ina vituo vichache, na kila kituo kinapimika peke yake kwa amri moja ya terminali. Ukishajua mzigo umekwama kituo kipi, kuukwamua ni kazi ya dakika chache.

Safari yenyewe iko hivi. Kivinjari kinakutana na anwani isiyoanza na http wala https, tuseme zoommtg:. Neno hilo la mwanzo ndilo itifaki. Kivinjari hakina la kufanya nalo, hivyo kinaikabidhi anwani nzima kwa mfumo: kwa skripti ya xdg-open, au moja kwa moja kwa maktaba ya GIO, au, ikiwa kivinjari kimefungiwa ndani ya kizimba cha Snap au Flatpak (aina za vifurushi vinavyoitenga programu na mfumo), kwa lango liitwalo xdg-desktop-portal. Aliyekabidhiwa anatazama kwenye orodha ni faili gani la .desktop (faili dogo la maandishi linaloitambulisha programu kwa mfumo) lililosajiliwa kupokea x-scheme-handler/zoommtg. Akilipata, anasoma mstari wa Exec na kuiwasha programu, akiipa ile anwani.

## Anzia katikati

Usianze kuhangaika na mipangilio ya kivinjari. Fungua terminali, uite kiungo mwenyewe:

```
xdg-open 'zoommtg://zoom.us/join?action=join&confno=1234567890'
```

Programu ikifunguka, mfumo ni mzima na kasoro iko kwenye kivinjari au kwenye kizimba kilichokizunguka. Ruka hadi sehemu ya vivinjari. Isipofunguka, kiache kivinjari kabisa, hakina kosa. Amri hii moja inakupunguzia nusu ya kazi.

Zile alama za nukuu si mapambo. Anwani za namna hii hujaa alama ya &, na kwa terminali alama hiyo maana yake ni "endesha haya nyuma ya pazia, uendelee na yafuatayo". Ukiziacha nukuu, programu itapokea anwani iliyokatwa baada ya action=join, namba ya mkutano itapotea, nawe utaanza kutafuta kosa lisilokuwepo.

Anwani halisi utaipata kwa kubofya kitufe kwa kulia na kunakili kiungo. Kama kitufe kinaendeshwa na JavaScript na hakina kiungo cha kunakili, bonyeza F12, fungua Konsoli, kisha bofya kitufe tena. Chrome na ndugu zake huandika hapo itifaki iliyoitwa na sababu ya kuikataa.

Ukiona ujumbe huu:

```
gio: zoommtg://...: The specified location is not supported
```

ujue hakuna faili hata moja la .desktop linalotambuliwa kwa itifaki hiyo. Kama hakuna ujumbe wowote, uliza `echo $?` papo hapo. Jibu 3 lina maana kwamba zana fulani inayohitajika haikupatikana, na 4 kwamba kitendo kilijaribiwa kikashindikana. Ukitaka skripti iseme inachofanya hatua kwa hatua, itangulizie hivi:

```
XDG_UTILS_DEBUG_LEVEL=2 xdg-open 'zoommtg://zoom.us/join?confno=1234567890'
```

Kuna dalili moja inayotisha bila sababu: vichupo vya kivinjari vinafunguka mfululizo, kimoja baada ya kingine, bila kukoma. Hutokea zaidi kwenye i3, Openbox na mazingira mengine mepesi ambayo xdg-open haiyatambui. Ikikosa mpokeaji wa itifaki, xdg-open huitupa anwani kwa kivinjari. Kivinjari hakiijui itifaki, kinairudisha kwa xdg-open, na mpira unaendelea kurushwa huku na huku. Si kirusi. Ni usajili uliokosekana, na dawa yake ni ileile ya sehemu inayofuata.

## Nani amesajiliwa?

```
xdg-mime query default x-scheme-handler/zoommtg
gio mime x-scheme-handler/zoommtg
```

Ya kwanza inataja mpokeaji mkuu. Ya pili inataja wote waliosajiliwa, na ndiyo inayofaa zaidi kwa aliye kwenye GNOME, Cinnamon au XFCE, kwa sababu programu nyingi za huko hupitia GIO hiyohiyo. Itifaki iandikwe kwa herufi ndogo tupu, na bila nukta mbili mwishoni.

Jibu likiwa tupu, tafuta kama kuna faili lolote linalojitangaza kuipokea:

```
grep -ls 'x-scheme-handler/zoommtg' \
  ~/.local/share/applications/*.desktop \
  /usr/local/share/applications/*.desktop \
  /usr/share/applications/*.desktop \
  /var/lib/snapd/desktop/applications/*.desktop \
  /var/lib/flatpak/exports/share/applications/*.desktop \
  ~/.local/share/flatpak/exports/share/applications/*.desktop
```

Zitazame njia hizo kwa mpangilio wake, maana mpangilio una uzito. Faili lililoko ~/.local/share/applications hulifunika lenye jina hilohilo kwenye /usr/share/applications. Ukiwahi kunakili Zoom.desktop kwenye folda yako ya nyumbani ili kubadili ikoni, nakala hiyo ndiyo inayosomwa hadi leo, na masasisho yote yanayoingia /usr/share hayaonekani.

Kama Flatpak imewekwa kwenye kompyuta leo kwa mara ya kwanza, toka kwenye akaunti kisha uingie tena. Folda zake za exports huingizwa kwenye XDG_DATA_DIRS wakati wa kuingia, na kabla ya hapo mfumo hauzioni hata kama mafaili yapo.

Faili likipatikana lakini halijapewa kazi, lipe:

```
xdg-mime default Zoom.desktop x-scheme-handler/zoommtg
```

Hapa herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Kifurushi cha .deb cha Zoom huweka Zoom.desktop, cha Flatpak huweka us.zoom.Zoom.desktop. Ukiandika zoom.desktop, jina litaandikwa kama ulivyolitaja, amri itanyamaza kana kwamba mambo yamekwenda sawa, na utabaki na usajili unaoelekeza kwenye faili lisilokuwepo. Baada ya kila usajili uliza tena kwa gio mime.

Chaguo lako linaandikwa kwenye ~/.config/mimeapps.list. Lifungue kwa mhariri wowote wa maandishi. Lina sehemu tatu: [Default Applications], [Added Associations] na [Removed Associations]. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Ukiwahi kuiondoa programu kwenye orodha ya "Fungua kwa", jina lake linaweza kuwa limebaki humo, na hapo faili la .desktop hata liwe sahihi namna gani linarukwa. Ufute mstari huo. Angalia pia kama lipo faili jingine lenye kiambishi cha mazingira yako, kama gnome-mimeapps.list; likiwepo kwenye folda hiyohiyo, ndilo linalosomwa kwanza.

Mfano wa karibu. Mtu ameipakua Telegram kama kifurushi cha tar.xz, akaifungulia ndani ya ~/Downloads, akaitumia wiki mbili. Baadaye amesafisha Downloads na kuiweka Telegram ya Flatpak. Viungo vya tg: vimekufa. Ndani ya mimeapps.list kuna mstari huu:

```
x-scheme-handler/tg=userapp-Telegram Desktop-K3PQZ1.desktop
```

Na faili hilo, lililoko ~/.local/share/applications, lina mstari huu:

```
Exec=/home/asha/Downloads/Telegram/Telegram -- %u
```

Folda haipo tena. GIO hulihesabu faili lenye Exec inayoelekeza mahali pasipokuwepo kama faili ambalo halipo kabisa, bila kulalamika. Mafaili yanayoanza na userapp- huundwa kiotomatiki pale programu inapochaguliwa kwa mkono, hivyo kufuta moja lililopitwa na wakati hakuharibu chochote. Lifute, kisha:

```
update-desktop-database ~/.local/share/applications
xdg-mime default org.telegram.desktop.desktop x-scheme-handler/tg
```

Jina hilo la pili lina "desktop" mara mbili, na ndivyo linavyotakiwa. Ya kwanza ni sehemu ya jina la programu, ya pili ni aina ya faili.

## Kulisoma faili la .desktop kwa makini

Hapa ndipo palipo na makosa mengi kuliko kwingine kote, hasa kwa programu za AppImage (programu nzima ndani ya faili moja) na zile ulizozifungulia mwenyewe, ambazo mara nyingi hazisajiliwi na yeyote isipokuwa wewe. Faili kamili linalotosha ni hili:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Mhariri
Exec=/home/asha/Programu/mhariri.AppImage %u
Terminal=false
MimeType=x-scheme-handler/mhariri;
```

Lihifadhi kama ~/.local/share/applications/mhariri.desktop.

Utazame mstari wa Exec neno kwa neno. Ile %u mwishoni ndiyo nafasi ambayo anwani itawekwa. Ikikosekana, dalili yake ni ya kipekee: programu inafunguka, lakini kwenye ukurasa wake wa mwanzo, kana kwamba imefunguliwa kutoka kwenye menyu. Mkutano haupo, mradi haupo. Ukiona hivyo usitafute kwingine. %U yenye herufi kubwa inafaa kwa programu inayoweza kupokea anwani kadhaa kwa pamoja. %f na %F ni za njia za mafaili, si anwani, na haziwezi kubeba zoommtg: wala vscode:.

Exec haifasiri ~ wala $HOME. Andika njia nzima kuanzia /home. Folda yenye nafasi kwenye jina iwekewe nukuu mbili, huku %u ikibaki nje ya nukuu:

```
Exec="/home/asha/Programu Zangu/mhariri.AppImage" %u
```

Kama kuna mstari wa TryExec unaotaja kitu kisichokuwepo, faili zima linapuuzwa. Kama kuna DBusActivatable=true, mfumo huiita programu kupitia D-Bus (njia ya programu kutumiana ujumbe) na hauisomi Exec; ndiyo maana unaweza kuihariri Exec mara kumi usione badiliko lolote. Kwenye nakala yako ya majaribio, ugeuze mstari huo kuwa false.

Kwa programu za Flatpak utakuta Exec ndefu inayoishia na `@@u %u @@`. Usiisafishe. Alama hizo ndizo zinazoiambia Flatpak kipande hicho ni anwani, ili ijue namna ya kukipitisha ndani ya kizimba.

Mwisho wa MimeType uweke nukta mkato. Halafu hakiki, jenga upya kache, sajili:

```
desktop-file-validate ~/.local/share/applications/mhariri.desktop
update-desktop-database ~/.local/share/applications
xdg-mime default mhariri.desktop x-scheme-handler/mhariri
```

Amri mbili za mwanzo zinatoka kwenye kifurushi cha desktop-file-utils. desktop-file-validate ikinyamaza, hakuna kosa. Kwenye KDE Plasma ongeza `kbuildsycoca6` (au `kbuildsycoca5` kwa Plasma 5), kwa kuwa Plasma ina kache yake ya pembeni.

## Programu inaitwa lakini haisimami

Usajili ukiwa sawa na bado hakuna kinachotokea, nakili amri iliyo kwenye Exec, weka anwani mahali pa %u, uiendeshe kwenye terminali. Hapo kosa litajisema lenyewe, kwa sababu ujumbe ambao kwa kawaida humwagika kusikoonekana sasa unaangukia mbele ya macho yako.

AppImage kwenye Ubuntu 22.04 na kuendelea mara nyingi hulalamikia FUSE, zana inayoiwezesha kujifungua kama folda. Nyingi bado zimejengwa juu ya FUSE 2, na Ubuntu haiiweki tena yenyewe. Sakinisha libfuse2 kwenye 22.04, au libfuse2t64 kwenye 24.04. Usisakinishe kifurushi kiitwacho fuse pekee kwa kubahatisha, kinaweza kuondoa fuse3 na kuvuta vitu vingine vya mfumo.

Kwenye Ubuntu 24.04 kuna jambo jingine. AppArmor, mlinzi wa usalama wa mfumo, inazuia programu za kawaida kuunda nafasi zao za watumiaji kwenye kerneli, na programu zilizojengwa kwa Electron (zinazobeba injini ya Chromium ndani yake) huzihitaji kwa ajili ya kizimba chao cha ndani. Utaona ujumbe unaotaja SUID sandbox helper, kisha programu inakufa. Ushauri unaosambaa ni kuongeza --no-sandbox kwenye Exec. Tunaupinga kwa nguvu zote kwa kazi hii mahususi: hii ni programu inayopokea anwani kutoka ukurasa wowote wa wavuti, nawe unaivua ngao palepale inapoihitaji. Iandikie wasifu wake kwenye /etc/apparmor.d/mhariri:

```
abi <abi/4.0>,
include <tunables/global>
profile mhariri /home/asha/Programu/mhariri.AppImage flags=(unconfined) {
  userns,
}
```

kisha `sudo apparmor_parser -r /etc/apparmor.d/mhariri`.

Wakati mwingine programu tayari inaendeshwa, imeganda, na wito mpya unapelekwa kwa hiyo iliyoganda. `pgrep -af zoom` itaionyesha. Iue kwa kill, ujaribu tena. Programu za Electron huacha pia kiungo cha SingletonLock ndani ya folda yao iliyo chini ya ~/.config, chenye jina la kompyuta na namba ya mchakato. Ukibadilisha jina la kompyuta huku kiungo cha zamani kikiwepo, programu hudhani profaili inatumika kwenye mashine nyingine. Funga kila kitu chake, kisha ukifute kiungo hicho.

Na kabla ya yote hayo, tazama kama dirisha halijafunguka nyuma ya kivinjari. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, programu haina ruhusa ya kujisogeza mbele yenyewe. GNOME huonyesha tu arifa kwamba dirisha liko tayari, nayo hupita upesi.

Ikiwa huna uhakika hata kama wito unafika, weka mlinzi mlangoni. Tengeneza /home/asha/bin/mlinzi.sh:

```
#!/bin/sh
printf '%s  %s\n' "$(date '+%F %T')" "$*" >> "$HOME/wito.log"
exec /home/asha/Programu/mhariri.AppImage "$@"
```

Ipe ruhusa kwa `chmod +x`, uelekeze Exec kwake na %u mwishoni, ubofye kiungo. Ndani ya wito.log kukiwa na mstari wenye anwani nzima, njia yote ni salama na shida ni ya programu. Kukiwa na tarehe bila anwani, %u imekosewa. Faili likikosekana kabisa, wito haukufika. Zile nukuu zinazoizunguka "$@" usiziache, na usiipe kamwe eval (inayoendesha maandishi kama amri) kitu kilichotoka kwenye anwani: aliyeiandika anwani hiyo ni mwenye tovuti, si wewe.

## Terminali inafungua, kivinjari hakifungui

Uliza kwanza kivinjari kimesakinishwa vipi, kwa `snap list` na `flatpak list`. Firefox inayokuja na Ubuntu tangu 22.04 ni ya Snap, na wengi hawalijui hilo hadi siku kama hii.

Firefox ya kawaida ikisema haielewi anwani, haijapata mpokeaji. Ikinyamaza, huenda uliwahi kuchagua programu ukaweka tiki ya "daima", na programu hiyo haipo tena. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Programu, uitafute itifaki na kuirudisha kwenye kuuliza kila mara. Isipoonekana humo, fungua about:support, fungua folda ya profaili, ufunge Firefox kabisa, kisha ulibadilishe jina faili la handlers.json. Firefox italiunda jipya. Utapoteza chaguo za namna hii tu. Alamisho na nywila haziguswi.

Chrome na Chromium huuliza kama ufungue xdg-open, bila kuitaja Zoom. Watu hukataa wakidhani ni hila. Ni kawaida kwenye Linux, kwa kuwa Chrome huikabidhi xdg-open kila kitu na haijui nani anangoja mwisho wa njia. Lakini kubali kwa tovuti uliyoifungua mwenyewe tu. Kisanduku kisipotokea kabisa, soma Konsoli. Ujumbe unaodai user gesture una maana kwamba ukurasa ulijaribu kuita programu bila wewe kubofya, na Chrome ikakataa kwa haki. Tafuta kitufe cha kubofya kwa mkono. Kwenye kompyuta ya ofisi au ya chuo, fungua chrome://policy uone kama URLBlocklist haijaizuia itifaki hiyo. Sera hizo hukaa /etc/opt/chrome/policies/managed, na mwenye kuziondoa ni msimamizi.

Kivinjari kikiwa ndani ya Snap au Flatpak, hakiioni orodha yako ya programu. Kinabisha kwenye lango. Pima lango peke yake:

```
gdbus call --session --dest org.freedesktop.portal.Desktop \
  --object-path /org/freedesktop/portal/desktop \
  --method org.freedesktop.portal.OpenURI.OpenURI \
  "" "zoommtg://zoom.us/join?confno=1234567890" "{}"
```

Ukipata jibu lenye njia inayoanza na /org/freedesktop/portal/desktop/request na programu ikafunguka au kisanduku cha kuchagua kikatokea, lango ni zima. Ukiambiwa jina au kiolesura hakipo, lango halijawaka:

```
systemctl --user restart xdg-desktop-portal
systemctl --user status xdg-desktop-portal
```

Kasoro ya kawaida kuliko zote hapa ni lango kukosa msaidizi wake. xdg-desktop-portal yenyewe haichori dirisha lolote. Inahitaji xdg-desktop-portal-gnome, -kde au -gtk ili kuonyesha kisanduku cha kuchagua programu. Kwenye GNOME na Plasma msaidizi huja na mazingira. Kwenye Sway na i3 hukosekana, au yupo xdg-desktop-portal-wlr ambaye kazi yake ni picha na kurekodi skrini, si kuchagua programu. Sakinisha xdg-desktop-portal-gtk, kisha andika ~/.config/xdg-desktop-portal/portals.conf:

```
[preferred]
default=gtk
```

Katika mazingira hayohayo lango huwashwa na systemd kabla ya kujua una skrini gani. Ongeza mstari huu kwenye mafaili ya kuanzisha Sway au i3:

```
dbus-update-activation-environment --systemd DISPLAY WAYLAND_DISPLAY XDG_CURRENT_DESKTOP XDG_DATA_DIRS
```

Lango lina kumbukumbu pia. Ukiwa umelichagulia programu isiyo sahihi, litaendelea kuifungua hiyo hata baada ya kurekebisha mimeapps.list. Kama Flatpak ipo, kumbukumbu hiyo inaonekana kwa `flatpak permissions desktop-used-apps`, na unaifuta hivi:

```
flatpak permission-remove desktop-used-apps x-scheme-handler/zoommtg
```

Snap zisizopitia lango humtumia snapd mwenyewe kama mjumbe, na matoleo yake ya zamani yaliruhusu orodha fupi tu ya itifaki. Kabla ya kuhangaika zaidi, endesha `sudo snap refresh`. Ikishindikana bado, fungua terminali mbili, moja na `journalctl --user -f`, nyingine na `sudo journalctl -kf | grep DENIED`, kisha bofya kiungo ukizitazama. Aliyekataa ataandika jina lake.

## Mafaili ya .jnlp

Kuna njia nyingine ya kale ambayo bado imo kwenye konsoli za seva na mifumo ya ofisi: ukurasa haukupi kiungo cha itifaki bali faili, launch.jnlp, la Java Web Start. Kivinjari kinalipakua na kuishia hapo. Oracle iliiondoa Web Start kwenye Java 11, mwezi Septemba 2018, kwa hiyo Java mpya haina javaws. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha icedtea-netx na openjdk-8-jre pale inapopatikana, kisha:

```
javaws -verbose launch.jnlp
xdg-mime query filetype launch.jnlp
```

Amri ya pili inapaswa kujibu application/x-java-jnlp-file. Sajili javaws kwa aina hiyo kama ulivyosajili itifaki. Faili la .jnlp la konsoli ya seva mara nyingi hubeba tiketi ya muda mfupi, kwa hiyo ulilopakua jana halitafanya kazi leo. Pakua jipya kwa kila jaribio, na ukiona toleo la zamani linang'ang'ania, safisha kache kwa `javaws -Xclearcache`.

Likigoma kwa kudai programu haina saini ilhali inayo, angalia umri wa seva. Tangu Java 8u131 ya Aprili 2017, JAR (kifurushi cha programu ya Java) iliyosainiwa kwa MD5, njia ya zamani iliyo dhaifu, huhesabiwa kama isiyo na saini. Kwanza sasisha programu ya ndani ya seva. Watengenezaji wengi wameshahamia konsoli ya HTML5 na Java haihitajiki tena. Isipowezekana, ilegeze jdk.jar.disabledAlgorithms ndani ya nakala ya Java 8 iliyotengwa kwa kazi hiyo moja, kwenye mashine iliyo ndani ya mtandao wa usimamizi, na Java ya mfumo uiache ilivyo.